Nasaba ya Furu

Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, furu hana heshima ya sangara wala sato. Sangara ana mizani yake na madalali wake. Sato ana wateja wanaomfunua mashavu kuangalia kama wekundu bado upo. Dagaa ana uwanja mzima wa kuanikwa. Furu hukaa kwenye beseni pembeni, wadogo kwa wakubwa wamechanganyikana, wengi hawazidi urefu wa kiganja, na anayewanunua mara nyingi hawapeleki jikoni. Anawarudisha ziwani, wachomekwe kwenye ndoano wawe chambo cha sangara.

Nami nilizoea kumpita furu hivyo hivyo, mpaka asubuhi moja mama mmoja muuzaji aliponiona nimesimama mbele ya beseni lake bila kuuliza bei. "Mwanangu, unadhani huyo ni samaki mmoja?" Akachukua mmoja, akambana mashavu kwa vidole viwili, na mayai ya manjano, makubwa kama punje za mtama, yakamwagika kutoka mdomoni. "Huyu analea watoto mdomoni." Akachukua wa pili, mwenye midomo minene. Wa tatu, mweusi wa mistari. Wa nne, mwekundu mgongoni kana kwamba katiwa rangi jana. Alipofika wa kumi niliacha kuhesabu.

Kile alichonionyesha kwa dakika tano kimewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka 100. Ziwa Victoria lina, au tuseme lilikuwa na, spishi za furu zipatazo 500, na karibu zote hazipatikani kwingine kokote duniani. Wapo wanaosaga konokono, wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe, wapo wanaonyofoa magamba ya samaki wenzao, na wapo wanaoishi kwa kumpokonya mama mayai na vifaranga anavyovilea mdomoni. Wote hao wametoka wapi? Nani ni ndugu wa nani?

Swali ni la nasaba, kama lile tunalojiuliza msibani tunapokutana na watu tusiowajua. Si bure Kiswahili kimeyaita maandishi ya urithi yaliyomo mwilini vinasaba. Na historia ya jinsi nasaba ya furu ilivyotafutwa, ikakosewa, ikatafutwa tena, mpaka watu walipoacha kusoma kipande kimoja na kuanza kusoma jenomu nzima, yaani vinasaba vyote kwa pamoja, ni historia yetu sisi tunaoishi kandokando ya ziwa hili. Inasimuliwa zaidi Ulaya kuliko Mwanza, na hilo linanisumbua.

Taya la kooni

Wenyeji walimjua furu kabla ya mgeni yeyote. Wajaluo humwita fulu. Waganda humwita nkejje, na kwao nkejje mkavu amekuwa dawa ya watoto wenye surua na ana nafasi katika mila za ukoo. Kwenye vitabu vya sayansi aliingia kwa jina la Haplochromis mwaka 1888, pale Franz Hilgendorf wa makumbusho ya Berlin alipomwandika furu aliyetoka ziwa hili. Baada yake George Boulenger wa London akaongeza wengine kadhaa. Kazi ilikuwa ya chupa: samaki anatumbukizwa kwenye pombe Afrika, anafika Ulaya amepoteza rangi, na mtaalamu anahesabu miiba na magamba.

Aliyefanya kazi hiyo kwa kina kuliko wote ni Humphry Greenwood, Mwingereza aliyefika Jinja, Uganda, mwaka 1950 katika taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Afrika Mashariki. Greenwood alifungua koo za furu. Humo mna kitu cha ajabu: taya la pili. Furu hutumia mdomo wa mbele kukamata, kisha kusaga na kutafuna hufanyika kooni kwa mifupa yenye meno yake yenyewe. Kwa kuwa kazi imegawanyika, mdomo wa mbele umekuwa huru kuchukua umbo lolote linalofaa. Furu wa konokono ana taya la kooni lenye meno mapana kama mawe ya kusagia. Furu anayekula samaki wenzake ana meno membamba yaliyopinda. Kati ya 1956 na 1969 Greenwood alichapisha mfululizo wa uchambuzi wa furu wa ziwa hili, na mwaka 1974 akautoa muhtasari wake mkubwa. Baadaye, 1979 na 1980, aliligawa jina moja la Haplochromis kuwa majina mengi, kila kundi na ukoo wake kadiri alivyouona kwenye mifupa.

Tatizo ni kwamba meno yanasema samaki anakula nini. Hayasemi kazaliwa na nani. Ukiwakuta watu wawili wana sugu kwenye viganja kwa sababu wote huvuta nyavu, huwezi kusema ni ndugu. Greenwood mwenyewe aliliona jambo hili likimsumbua mara kwa mara: spishi zilizofanana meno zilitofautiana kichwa, zilizofanana kichwa zilitofautiana rangi.

Alituachia pia dokezo jingine lililokuja kuwa na maana kubwa. Karibu na ziwa kuu, upande wa Uganda, kuna ziwa dogo la Nabugabo, lililotengwa na ukanda wa mchanga kwa muda unaokadiriwa kuwa miaka 4,000. Humo Greenwood alikuta spishi tano za furu zisizopatikana kwingine. Miaka 4,000 katika historia ya viumbe ni kama jana jioni. Kama furu anaweza kuzaa spishi mpya kwa muda mfupi namna hiyo, basi ndugu wake wa ziwa kuu huenda nao ni wachanga kuliko yeyote alivyodhani.

Upande wa mama

Mwaka 1990 jarida la Nature lilichapisha makala ya watu wanne: Axel Meyer, Thomas Kocher, Pereti Basasibwaki na Allan Wilson. Basasibwaki alikuwa mtafiti wa samaki wa Jinja. Wilson wa chuo kikuu cha California, Berkeley, ndiye aliyekuwa amewashangaza watu miaka mitatu kabla, yeye na wenzake wawili, kwa kuonyesha kwamba nasaba ya binadamu wote wa leo, upande wa mama, inarudi Afrika.

Njia ilikuwa ile ile. Ndani ya chembe za mwili kuna vijiumbo vinavyoitwa mitokondria, vyenye vinasaba vyao vichache, na hivyo hurithiwa kwa mama peke yake. Walichukua kipande cha herufi 803 za vinasaba hivyo kutoka spishi 14 za furu wa Ziwa Victoria, wakalinganisha na samaki wa jamii hiyo wa maziwa na mito mingine ya Afrika.

Jibu la kwanza lilikuwa zuri: furu wa Victoria ni wa ukoo mmoja. Yule msaga konokono wa Victoria ni ndugu wa jirani yake mkwangua mwani, na si ndugu wa msaga konokono wa Tanganyika ingawa meno yao yanafanana. Jibu la pili lilishangaza. Tofauti kati ya furu hawa, wenye maumbo na tabia mbalimbali namna hiyo, zilikuwa ndogo kuliko tofauti zilizopo kati ya binadamu na binadamu. Ukoo wote ulionekana kuwa na umri usiofika miaka 200,000.

Hapo hapo kazi ikagonga mwamba. Ili kujua nani kamzaa nani ndani ya ukoo unahitaji tofauti, na tofauti hazikuwepo. Ilikuwa kama kukusanya vitambulisho vya kijiji kizima ukakuta wote wana jina moja la ukoo. Unajua ni wa nyumba moja. Huwezi kujua nani ni kaka, nani ni binamu, nani ni mjukuu. Jenomu ya furu ina herufi zinazokaribia bilioni 1, na waliyokuwa wameyasoma ni maneno machache ya ukurasa mmoja, tena wa upande wa mama tu.

Tope lenye mizizi

Kabla ya vinasaba kusonga mbele, tope lilisema. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake walichapisha matokeo ya kuchunguza sakafu ya Ziwa Victoria. Walituma mawimbi ya sauti chini, kisha wakazamisha mabomba marefu na kutoa mihimili ya tope. Chini ya tope laini la majini walikuta tabaka gumu, udongo uliowahi kukauka juani, na ndani yake vijizizi vya nyasi vimesimama wima pale pale vilipoota. Katika sehemu ya ndani kabisa ya ziwa, ambako leo sangara hupita gizani, palikuwa na mbuga. Vipimo vilivyoboreshwa baadaye vinaonyesha kwamba maji yalirudi kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita.

Yapo makala ya sayansi yanayoingia kimya kimya. Hii haikuwa mojawapo. Kama ziwa lilikauka, basi furu 500 wamepatikana ndani ya miaka 15,000 hivi, kasi ambayo haijapata kuonekana kwa mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo. Geoffrey Fryer, aliyeandika pamoja na T. D. Iles kitabu kikubwa kuhusu samaki wa jamii hii mwaka 1972, alikataa waziwazi. Aliona lazima maji yalibaki mahali, na samaki wakabaki nayo.

Mwaka 2003 ubishi ukachukua sura nyingine. Kundi la Erik Verheyen na Axel Meyer lilisoma tena upande wa mama, kwa samaki wengi zaidi, likasema chimbuko la furu wa Victoria ni Ziwa Kivu. Mwaka huo huo Ole Seehausen na wenzake wakatazama vinasaba vya kiini cha chembe, vile vinavyotoka kwa baba na mama, wakakuta kitu tofauti: ndani ya furu mmoja kulikuwa na dalili za samaki wa mto Kongo na dalili za samaki wa mto Nailo. Kila upande ulikuwa na ushahidi, na kila upande ulikuwa umesoma kipande.

Nieleze kwa nini vipande hugombana, maana hapa ndipo mzizi wa makala yote. Kila jeni ina safari yake. Mtu anaweza kurithi pua ya bibi mzaa baba na kundi la damu la babu mzaa mama. Ukifuata pua utafika Bukoba, ukifuata damu utafika Ukerewe, na zote mbili zinasema kweli. Kwa koo zilizotengana miaka milioni nyingi iliyopita safari hizi zimekwisha kutulia, zinaelekea upande mmoja. Kwa ukoo wa miaka 15,000, ambao ndugu zake bado wanaoana mara moja moja, jeni elfu zitakupa nasaba elfu. Dawa ni kuziuliza zote kwa pamoja na kusikiliza wingi wa sauti, na pia kusikiliza kwa makini zile zinazopinga, kwa sababu mara nyingi ndizo zinazobeba habari ya ndoa za zamani.

Kabla hawajasomwa

Lakini wakati wataalamu wanatafuta namna ya kusoma, kitabu kilikuwa kinachanwa.

Michael Graham aliongoza uchunguzi wa kwanza mkubwa wa uvuvi wa ziwa hili mwaka 1927 na 1928. Ripoti yake ya 1929 ilionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka kwingine ni hatari kubwa. Onyo lilikuwa kwenye karatasi. Kuanzia mwaka 1954 sangara aliingizwa ziwani upande wa Uganda, kwanza kimya kimya, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa idhini. Hoja ilikuwa kwamba furu ni samaki takataka, wadogo wenye miba, na ni afadhali wageuzwe nyama ya samaki mwenye thamani.

Mwaka 1977 chuo kikuu cha Leiden cha Uholanzi kilianza utafiti wa furu katika Ghuba ya Mwanza. Watu kama Frans Witte na Tijs Goldschmidt walivuta nyavu, wakapanga samaki mezani, wakawapa majina ya muda kwa sababu majina rasmi hayakuwahi kutosha. Wakati huo furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wote waishio karibu na sakafu ya ziwa. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980 sangara alilipuka Mwanza, na nyavu zile zile, mahali pale pale, zikaanza kutoka bila furu hata mmoja. Mwaka 1992 Witte na wenzake waliandika kwamba kati ya spishi zaidi ya 300 zilizojulikana wakati huo, karibu 200 zilikuwa zimetoweka au zilielekea kutoweka.

Najua sangara amejenga nyumba, amesomesha watoto, ameleta viwanda. Simkani. Lakini ukweli mwingine nao ni ukweli: katika muda ambao mtoto anaanza darasa la kwanza na kumaliza sekondari, tulipoteza wanyama wengi wenye uti wa mgongo kwa mkupuo mmoja kuliko karibu mahali popote katika historia ya kisasa.

Wengi wa waliopotea wapo Leiden, kwenye chupa. Walihifadhiwa kwa formalini, kama ilivyokuwa desturi, kwa sababu formalini hulinda umbo vizuri sana. Meno yapo, magamba yapo, taya la kooni lipo. Vinasaba ndivyo vilivyoharibika: formalini huvigandisha na protini na kuvikatakata vipande vipande. Samaki yupo, unamwona kwa macho, na nasaba yake haisomeki kama ya yule aliyevuliwa leo asubuhi. Kila ninapolifikiria hili moyo unaniuma.

Walionusurika vizuri zaidi ni furu wa miamba, wale wa visiwa vidogo vya mawe ambako sangara hapati nafasi ya kukimbiza. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kinachofuata inatoka kwenye mawe.

Mito miwili

Kisiwa cha Makobe, katika Ghuba ya Speke, ni rundo la mawe na majani machache. Kutoka kwenye mawe hayo tu, Catherine Wagner, Seehausen na wenzao walichukua spishi 16 za furu na mwaka 2013 wakachapisha kazi iliyobadilisha mchezo. Sampuli yenyewe ni ndogo: kipande cha pezi kisichozidi ukucha, ndani ya kichupa cha spiriti. Maabara huongeza kimeng'enya kinachokata vinasaba kila kinapokuta mfuatano fulani wa herufi, kisha mashine husoma pembeni mwa kila mkato. Badala ya herufi 803 unapata mamilioni, zimetawanyika jenomu nzima. Na pale ambapo miaka yote furu walionekana mchanganyiko usiotenganishika, kila spishi ikakaa mahali pake, na matawi ya nasaba yakaonekana. Walipopunguza data, matawi yalififia. Walipoiongeza, yalirudi.

Mwaka uliofuata zilichapishwa jenomu kamili tano za samaki wa jamii hii: sato wa Nailo, mmoja wa Tanganyika, mmoja wa Malawi, mmoja wa mitoni, na mmoja wa Victoria. Huyo wa Victoria anaitwa Pundamilia nyererei. Jina la kwanza ni la Kiswahili kitupu, lilitolewa mwaka 1998 kwa ajili ya mistari ya samaki hawa. La pili ni la Mwalimu, alilopewa samaki huyu mwaka 1985. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Mwenzake, Pundamilia pundamilia, ni wa buluu, na kwenye maji maangavu kama ya Makobe wanaishi jiwe moja: wa buluu juu, mwekundu chini kidogo.

Kinachowatenganisha ni macho ya majike. Katika maji ya Ziwa Victoria mwanga wa buluu humezwa haraka, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyobaki wekundu. Jeni moja ya jicho, inayoshughulika na mwanga huo, ina sura mbili: samaki wa juu wana moja, samaki wa chini wana nyingine. Jike humfuata dume analoliona vizuri. Seehausen alikuwa amelionyesha hili mapema kwenye matangi: chini ya taa nyeupe jike huchagua dume wa rangi yake, chini ya taa ya rangi ya chungwa, ambako nyekundu na buluu hazitofautiani, hachagui tena. Mwaka 1997 yeye na wenzake walionya kwamba ziwa linapochafuka kwa mbolea na maji taka likawa la kijani, ni sawa na kuwasha taa hiyo ziwa zima. Sehemu zenye tope, karibu na vichwa vya ghuba, tayari wekundu na buluu wamerudi kuwa kundi moja la rangi ya katikati.

Lakini jeni ile ya jicho ilitoka wapi na sura zake mbili? Miaka 15,000 haitoshi kuiunda moja baada ya nyingine herufi kwa herufi. Jibu lilitolewa mwaka 2017 na Joana Meier, pamoja na David Marques, Salome Mwaiko, Wagner, Laurent Excoffier na Seehausen. Walisoma furu wa ukanda wote, kutoka Victoria hadi Edward na Kivu, na ndugu zao wa mito ya Afrika Mashariki na Kongo. Jenomu zilisema kitu ambacho vipande vya 2003 vilikuwa vikikigombania bila kukiona chote: babu wa furu hawa ni chotara. Koo mbili zilizokuwa zimetengana kwa muda mrefu sana, moja ya Kongo na moja ya Nailo ya juu, zilikutana takriban miaka 150,000 iliyopita. Waandishi wanapendekeza kwamba katika kipindi cha mvua nyingi, samaki wa upande wa Kongo walifika kupitia vijito vya Malagarasi, mto huo huo unaovuka Kigoma kwenda Tanganyika, baada ya mikondo kubadilika. Sura moja ya jeni ya jicho ni ya Kongo. Nyingine ni ya Nailo.

Nilisoma sehemu hiyo mara mbili. Tulifundishwa shuleni kwamba chotara ni mwisho wa njia: nyumbu wa punda na farasi hazai. Hapa chotara ndiye mwanzo wa spishi 700 za ukanda mzima. Wazazi wawili walileta mikoba miwili ya jeni zilizokwisha kujaribiwa, na watoto wakawa na cha kuchanganya na kupanga upya, macho ya huku na taya la kule, bila kungoja mabadiliko mapya yazaliwe.

Mwaka 2023 zikaja kazi mbili zaidi. Meier na wenzake walisoma jenomu 464, wakaonyesha kwamba kukutana na kuachana hakukutokea mara moja: maji yaliporudi Victoria, koo kadhaa za wale machotara wa kale, zilizokuwa zimetawanyika kwenye mabwawa na mito, zilikutana tena ndani ya ziwa jipya, zikachanganyika, kisha zikapasuka kwa kasi ile inayotushangaza. Hoja ya Fryer haikuwa upuuzi: maji yalibaki mahali, na samaki walibaki nayo, ila mahali penyewe palikuwa pembezoni na samaki wenyewe walikuwa wachache.

Kazi ya pili ilirudi kwenye tope. Nare Ngoepe, pamoja na watafiti kadhaa akiwemo Mary Kishe wa taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, walichambua mihimili ya tope ya miaka 17,000 na kuokota humo maelfu ya visukuku vya samaki: meno madogo kuliko chembe ya mchele, vipande vya mifupa, magamba. Watu walikuwa wakidhani furu alifanikiwa kwa sababu aliwahi kufika. Meno yakasema sivyo. Kambale walikuwepo tangu mwanzo, jamii ya sato walikuwepo, jamii ya ningu na dagaa walikuwepo. Wote walikuta ziwa tupu. Ni furu peke yake aliyezaa wengi, na yeye ndiye aliyebeba ule mchanganyiko.

Maziwa mengine nayo yamesomwa, kwa haraka niseme tu. Tanganyika, ambalo samaki wake wa jamii hii wana historia ya karibu miaka milioni 10, limesomewa jenomu za takriban spishi zake zote, zipatazo 240. Malawi limesomewa makumi, na huko pia tofauti kati ya spishi na spishi ni ndogo mno, chini ya herufi tatu katika kila elfu. Kila ziwa lina habari yake. La kwetu ndilo changa kuliko yote, na ndilo lililoumizwa kuliko yote.

Tangu miaka ya 1990, sangara alipoanza kuvuliwa kupita kiasi, baadhi ya furu wa maji ya wazi wamerudi. Kishe na wenzake waliwafuatilia wale waliokuwa wakila tope la sakafuni, wakakuta wanakula wadudu na wanyama wadogo zaidi ya zamani. Miili yao nayo imebadilika. Kama ni wale wale wa zamani, au ni watoto wa ndoa mpya zilizofungwa kwenye maji ya kijani, ni jambo la kusomwa kwa jenomu, na safari hii sampuli zinawekwa kwenye spiriti.

Nilirudi Kirumba mwezi uliopita. Yule mama alikuwepo, beseni lilikuwepo. Nilimtafuta yule mwekundu wa mgongo nikampata, nikamweleza mama kwamba samaki huyu ana jina la Mwalimu Nyerere na kwamba vinasaba vyake vimesomwa vyote, herufi kwa herufi. Akamlaza kwenye kiganja, akamgeuza ubavu huu na ule, akamtazama kwa muda. Kisha akaanza kutoa wengine mmoja mmoja, akiwapanga kwenye ukingo wa meza kama alivyofanya siku ile: mwenye midomo minene, mweusi wa mistari, mwenye kichwa kirefu, mdogo wa rangi ya majivu. Walifika kumi na tisa.

"Na hawa," akauliza, "wao wanaitwa nani?"

Nilimtajia watatu. Mvulana wa boti akaja na ndoo, akahesabu pesa, na kumi na tisa wote wakaenda kuwa chambo.